Somo la sayansi linaanzia kwa mjusi wa ukutani

Mjusi kafiri akibanwa na mlango au akikurupushwa kwa ufagio, huacha mkia wake sakafuni na kutokomea darini. Mkia unabaki ukirukaruka. Watoto wengi wa nyumba zetu wamewahi kuona kioja hicho na kuuliza: mbona unacheza na mwenyewe hayupo? Jibu wanalopewa mara nyingi ni, "Acha uchafu huo, kanawe mikono."

Hapo tumeua kipindi kizima cha sayansi, tena bila kujua. Swali la mtoto lina jibu zuri. Paka hubaki akiukodolea mkia unaocheza, na sekunde hizo chache humtosha mjusi kuokoa roho yake. Mkia wenyewe una sehemu maalumu za kukatikia, na baadaye huota mwingine. Lakini mjusi halipi bei ndogo, maana mkiani ndimo anamoweka akiba ya mafuta. Mtoto wa miaka sita anaielewa biashara hiyo vizuri kabisa.

Namtetea mjusi kwa sababu picha nyingi za kufundishia jinsi wanyama wanavyoendana na mazingira yao hujaa dubu wa barafuni na pengwini. Ni viumbe wa ajabu, sikatai. Lakini mtoto wa Kahama hawezi kumfuata dubu huyo aone anakula nini na anajificha wapi. Atakariri kwamba ana manyoya mazito kwa sababu ya baridi, atapata alama zake, basi. Mnyama afundishwe pamoja na mahali pake, na mahali ambapo mtoto anaweza kupakanyaga ni pale anapoishi.

Mchukue kinyonga, ambaye watoto wengi hufundishwa kumwogopa kabla hawajafundishwa kumtazama. Vidole vyake vimegawanyika makundi mawili yanayobana kijiti kama koleo. Jicho moja linaweza kutazama mbele huku lingine likitazama nyuma, kwa hiyo anamtafuta mdudu bila kugeuza kichwa na kujifichua. Akishalenga shabaha, anafyatua ulimi ambao kwa vinyonga wengi ni mrefu kuliko kiwiliwili. Na tuwaambie ukweli kuhusu rangi: hageuki kufuata kila anachokikanyaga. Rangi yake hubadilika zaidi kwa joto, kwa mwanga na kwa hali aliyo nayo, kama vile anapomtisha mpinzani au anapomtaka jike.

Kanda ya Ziwa wana kamongo, samaki mwenye mapafu. Kinamasi kikikauka, anaweza kujichimbia kwenye tope, akajifunika kwa ute wake unaokauka ukawa ganda, akakaa humo akipumua hewa hadi mvua irudi. Watoto wanaomla kwa ugali wanastahili kujua habari hiyo.

Unguja wana kima punju, mbega mdogo mwekundu ambaye kiasili hapatikani kwingine duniani. Wale wanaoishi kando ya msitu wa Jozani hula majani ya miembe na mikungu, yenye kemikali zinazosumbua tumbo. Dawa yao ni mkaa, na huuokota kwenye matanuri na visiki vilivyoungua. Makinda humtazama mama na kuiga. Mfano huu unanipendeza kuliko yote, kwa sababu unamwonyesha mtoto kwamba mnyama hasalimiki kwa makucha na manyoya peke yake. Husalimika pia kwa tabia, na tabia nyingine hufundishwa.

Sasa nije kwenye sehemu ngumu, ambayo hata sisi watu wazima tunaikosea. Tunasema twiga alirefusha shingo ili afikie majani ya juu. Mtoto anaelewa kwamba twiga alitaka, akajinyoosha, ikawa. Hadithi zetu za wanyama husimulia hivyo pia, na sioni ubaya wowote katika hadithi. Ubaya ni kuiacha hadithi ikae mahali pa maelezo. Hakuna mnyama aliyejichagulia umbo. Katika kizazi chochote, watoto wa mnyama hutofautiana kidogo. Ambao tofauti yao inawafaa pale wanapoishi husalimika, huzaa, na watoto wao hurithi. Vizazi vingi vikipita, karibu wote wanakuwa hivyo.

Je, mtoto wa darasa la pili ataelewa? Ataelewa akicheza. Mwalimu achukue choroko hamsini na kunde nyeupe hamsini, azimwage pamoja kwenye majani mabichi ya uwanja wa shule. Watoto ni ndege. Kila mmoja adonoe kwa vidole viwili, punje moja moja, mpaka mwalimu apige makofi. Kisha wahesabu zilizosalia. Kunde zitakuwa zimepungua haraka kwa kuwa zinaonekana, na choroko nyingi bado zimo majanini. Sasa kila punje iliyosalia "izae": kwa kila choroko iongezwe choroko, kwa kila kunde iongezwe kunde. Warudie mara ya pili, ya tatu. Uwanja utajaa choroko. Hapo mwalimu aulize: kuna kunde yoyote iliyogeuka kijani? Watoto watapiga kelele kwamba hakuna, nao watakuwa wamelishika jambo ambalo wengine hawalipati hadi chuo kikuu. Halafu mchezo uhamie kwenye mchanga mweupe, waone mambo yanavyogeuka.

Kuhamia mchangani ni muhimu, kwani kinachomwokoa mnyama mahali fulani kinaweza kumfunga papo hapo. Watanzania tunao mfano wetu. Mwaka 1996 watafiti walimkuta chura mdogo wa manjano, asiyezidi sentimita tatu, kwenye korongo la Kihansi katika milima ya Udzungwa. Aliishi kwenye eneo la takribani hekta mbili tu, lililoloweshwa mchana na usiku na manyunyu ya maporomoko. Hatagi mayai, huzaa vichura vilivyokamilika, kwa hiyo hahitaji dimbwi la kulelea viluwiluwi. Maumbile yake yote yaliafikiana na ukungu ule. Bwawa la umeme lilipokamilika, sehemu kubwa ya maji ya mto ikaelekezwa kwenye mitambo, na manyunyu yakapungua. Ugonjwa wa kuvu wa ngozi nao ukaingia. Mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini.

Aliponea kwa sababu mwaka 2000 vyura wapatao 500 walikuwa wamepelekwa Marekani, wakazalishwa kwenye bustani za wanyama za Bronx na Toledo. Mwaka 2010 baadhi walirudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wakaanza kurejeshwa korongoni, ambako mabomba yalikuwa yamewekwa kunyunyiza maji.

Mtoto atauliza kwa nini chura hakubadilika. Ajibiwe kwa mchezo wa choroko: kubadilika kunahitaji vizazi vingi, na pia kunahitaji wachache wanaoweza kustahimili ukavu ili wazae. Maji yalipungua ndani ya muda mfupi mno. Kisha aulizwe yeye: ni mnyama gani wa mtaani kwetu asiyeweza kuishi kwingine, na tunafanya nini mahali anapoishi? Apewe daftari na wiki nzima ya kutafuta jibu.