Helikopta ndogo ya kurusha ndani: tuichague kwa akili

Jioni moja, katika bwalo la kikosi kimoja, koplo mmoja alifungua sanduku mbele ya wenzake. Ndani yake ilikuwamo helikopta ndogo ya kuongozwa kwa redio, yenye rafadha kubwa juu na nyingine ndogo mkiani, mfano kamili wa zile za kivita. Alikuwa ameweka akiba ya miezi mitatu ili kuinunua. Dakika moja haikutimia: chombo kiliruka, kikayumba, kikagonga feni ya darini na kuanguka mezani vipande vipande. Wenzake walicheka, yeye hakucheka. Koplo yule alikuwa amekosea tangu dukani.

Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima. Katika jambo hili, ndugu askari, msemo huo tuuweke kando. Anayetaka kurusha chombo ndani ya nyumba asipochagua vema, fedha zake zitapotea, na huenda jicho la mwenziwe likaumia.

Vyombo hivi ni vya namna tatu. Namna ya kwanza ni helikopta ya rafadha moja, kama ile ya koplo. Rafadha ya juu inapozunguka upande mmoja, kiwiliwili hutaka kuzunguka upande wa pili, na rafadha ya mkiani ndiyo inayokizuia. Chombo hiki hutii upesi, lakini hakimsamehe mwanafunzi. Mkono ukichelewa kidogo, ukuta umekwisha kufika. Yafaa kiachiwe aliyekwisha kufuzu.

Namna ya pili ni helikopta ya rafadha mbili zilizopandana juu ya mhimili mmoja, moja ikizunguka kulia na nyingine kushoto. Nguvu zao hukatana, hivyo chombo hutulia hewani hata mkono ukitetemeka. Mwendo wake ni wa polepole, na upepo mdogo wa dirishani huisukuma; lakini katika chumba kilichofungwa hiyo ndiyo helikopta iliyo pole kuliko zote.

Namna ya tatu ni kwadikopta, yenye rafadha nne pembeni: mbili huzunguka upande mmoja na mbili upande wa pili. Ndani yake kimo kifaa kinachohisi kila mwinamo na kuurekebisha kabla rubani hajautambua. Haina viungo vingi vya kuvunjika, na rafadha zake za akiba aghalabu ni za bei nafuu. Kwa anayeanza, mwandishi huyu angeshauri kwadikopta ndogo isiyozidi gramu 50, yenye vizingiti vya kukinga rafadha zote nne. Chombo chepesi kikigonga ukuta hudondoka tu. Kizito hujivunja chenyewe na kumjeruhi aliye karibu.

Kabla ya kulipa, yapasa kuuliza mambo matatu. Kwanza, je, huongozwa kwa redio, au kwa mwanga usioonekana kama ule wa rimoti ya televisheni? Mwanga huo hufika mita chache tu, na jua likipenya dirishani huuvuruga. Redio ni bora. Pili, je, rafadha na betri za akiba hupatikana? Betri moja ndogo hurusha chombo kwa dakika chache tu, kisha mota nazo huhitaji kupoa. Tatu, je, bei imepandishwa kwa ajili ya mtambo wa kuongozwa na setilaiti? Ndani ya nyumba mtambo huo hauna faida kubwa, kwani paa na kuta hudhoofisha mawimbi yake.

Zaidi ya hayo, aulize kwa mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi yake kama kibali chahitajika ili kuingiza au kumiliki chombo hicho. Mlinzi wa sheria hapaswi kuwa wa kwanza kuivunja.

Ipo hatari nyingine ambayo wengi huipuuza, nayo ni betri ya lithiamu polima. Seli moja huandikwa volti 3.7, na hujaa ifikapo volti 4.2. Isichajiwe juu ya kitanda, wala wakati mwenyewe amelala, wala karibu na ghala la silaha au mafuta. Iliyovimba isitumiwe tena. Moto wake ni mkali, na bweni moja hulala watu wengi.

Mazoezi nayo yafuate utaratibu, kama kwata. Feni izimwe na madirisha yafungwe. Chombo kiinuliwe kiasi cha mita moja, mkia ukimwelekea rubani, na kishikiliwe mahali pamoja hadi betri ikaribie kuisha. Hilo likiwezekana, ndipo pua igeuzwe kumwelekea rubani, ambapo kulia kwa chombo huwa kushoto kwake. Hapo ndipo wengi huanguka.

Asidhani mtu kuwa huu ni mchezo wa watoto tu. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba askari wa Uingereza nchini Afghanistan walikuwa wakitumia Black Hornet, helikopta iliyotengenezwa Norway, yenye urefu wa kiasi cha sentimita 10 na uzito usiofikia gramu 20. Kwa kamera zake waliweza kuchungulia nyuma ya ukuta kabla ya kumtuma mtu huko. Chombo cha dukani hakilingani na hicho. Lakini jicho na kidole cha anayekiongoza hujifunza utulivu ule ule.

Koplo wetu sasa anayo kwadikopta yenye vizingiti. Kila jioni, kabla ya kuiwasha, kwanza huzima feni.