Mafunzo ya Lazima kwa Watumishi wa Afya: Kinachohamia Mtandaoni na Kinachobaki Wodini

Na Mwandishi Wetu

Katika zahanati nyingi za vijijini, watumishi wenye taaluma ya afya ni wachache kiasi cha kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Mmoja wao anapoitwa kwenye semina ya siku tano makao makuu ya mkoa, anayebaki hulazimika kuhudumia peke yake kliniki ya mama na mtoto, dirisha la dawa na chumba cha kujifungulia. Gharama hiyo haionekani katika hesabu za nauli na posho za kujikimu, lakini hulipwa na mgonjwa anayesubiri kwenye benchi. Hiyo ni miongoni mwa sababu kuu za kuhamishia sehemu ya mafunzo ya lazima kwenye mtandao.

Mafunzo hayo si suala la hiari. Uuguzi na ukunga husimamiwa kwa sheria ya mwaka 2010, famasi kwa sheria ya mwaka 2011, na udaktari pamoja na taaluma shirikishi kwa sheria ya mwaka 2017. Mabaraza ya taaluma hizo huwataka wanataaluma kuthibitisha kwamba wanaendelea kujifunza ili waendelee kuwa na leseni hai.

Umuhimu wa sharti hilo unaonekana wazi katika tiba ya malaria. Mtumishi aliyehitimu mwaka 2000 alifundishwa kutumia klorokwini. Mwaka 2001 Tanzania Bara iliiondoa dawa hiyo na kuweka SP, kwa kuwa vimelea vilikuwa vimejenga usugu. Mwaka 2006 mwongozo ulibadilika tena na dawa mseto ikashika nafasi ya kwanza. Ndani ya miaka sita, aliyetegemea daftari lake la chuoni alikuwa amepitwa mara mbili.

Kinachohama

Sehemu inayofaa kuhamia mtandaoni ni ile ya maarifa: mabadiliko ya miongozo ya tiba, maadili ya taaluma, matumizi sahihi ya dawa, utoaji wa taarifa za magonjwa, na kanuni za kinga na udhibiti wa maambukizi. Somo hugawanywa katika vipindi vifupi vinavyoweza kusomwa kwa simu, kishikwambi au kompyuta. Mwishoni mwa kila kipindi huwa na maswali. Anayefaulu hupata cheti, na kumbukumbu yake huhifadhiwa katika mfumo.

Faida ya kwanza ni kwamba mtumishi hahami kituo chake. Faida ya pili ni kasi. Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulithibitishwa mkoani Kagera, na watumishi wa afya walikuwa miongoni mwa walioambukizwa. Katika mazingira kama hayo, maelekezo ya namna ya kumpokea mgonjwa mwenye homa na kumtenga hayawezi kusubiri ukumbi upatikane na washiriki wasafiri. Somo likiwekwa mtandaoni, kituo cha Kagera na cha Mtwara hulipata siku ileile.

Afrika Mashariki ina uzoefu katika jambo hili. Kuanzia mwaka 2005, shirika la Amref kwa kushirikiana na Baraza la Wauguzi la Kenya lilianza kuwaendeleza wauguzi kutoka ngazi ya cheti hadi stashahada kwa kutumia kompyuta, kwa kuwa nafasi za vyuoni hazikutosha kwa maelfu waliohitaji. Wauguzi walisoma nadharia huku wakiendelea na kazi, lakini mafunzo kwa vitendo yalibaki hospitalini.

Kinachobaki

Mpaka huo ni wa msingi. Kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua, kuzuia damu inayomtoka mama baada ya kujifungua, au kuvua mavazi ya kujikinga bila kujichafua, ni kazi za mikono. Anayejibu maswali yote kwa usahihi kwenye kioo cha simu bado anaweza kushindwa kuzifanya saa nane za usiku.

Programu ya Uzazi Salama, iliyotokana na utafiti ulioanzia Hospitali ya Haydom mkoani Manyara, inatoa funzo hapa. Katika vituo 30 vya mikoa mitano, wakunga walifanya mazoezi mafupi ya mara kwa mara kwa kutumia sanamu za mafunzo, katika vituo vyao wenyewe. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 yalionesha kuwa vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa takribani asilimia 40. Watumishi hao hawakuhitaji kwenda mbali, lakini pia hawakujifunza kwa kusoma tu. Mtandao na sanamu ya mazoezi vinakamilishana: kimoja huleta maarifa, kingine huimarisha mkono.

Masharti ya mafanikio

La kwanza ni muda. Iwapo muuguzi ataachiwa asome usiku baada ya zamu, mzigo wa mafunzo utakuwa umehamishwa kutoka kwa mwajiri kwenda kwenye saa zake za kupumzika. Mganga mfawidhi anapaswa kuingiza saa za masomo katika ratiba ya zamu kama anavyoingiza kliniki.

La pili ni vifaa na bando. Masomo yanapaswa kuwa mepesi, yanayoweza kupakuliwa penye mtandao na kusomwa mahali usipofika, ili mtumishi asilipie kutoka mfukoni mwake mafunzo ambayo sheria inamtaka ayapate.

La tatu ni uaminifu. Mtihani uliofanywa na mtu mmoja kwa niaba ya watumishi watano huzalisha vyeti vitano na mjuzi mmoja. Ndiyo maana usimamizi elekezi kituoni, ambapo msimamizi humwona mtumishi akitenda, unabaki kuwa kipimo cha mwisho.

Kupungua kwa semina kutapunguza gharama, lakini idadi ya vyeti vilivyotolewa haitoshi kupima mafanikio ya mabadiliko haya. Swali la kujiuliza katika kila kituo ni mawili: je, mgonjwa aliyefika leo amemkuta mhudumu, na je, mhudumu huyo anajua mwongozo wa sasa na anaweza kuutekeleza kwa mikono yake?