Huduma ya kwanza: Dakika za mwanzo huamua uhai Kibondo, Kasulu

MAJERUHI wa ajali ya pikipiki katika barabara ya Kasulu kwenda Kibondo hufikiwa kwanza na mkulima, mwendesha bodaboda au mwanafunzi, kabla ya kumwona daktari. Uhai wake hutegemea sana iwapo mtu huyo anajua la kufanya.

Wilaya hizo mbili za nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma zina hospitali, lakini vijiji vyake vimetawanyika. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni, iko Kigoma mjini, zaidi ya kilometa 200 kutoka Kibondo.

Kitaalamu, ubongo uliokosa oksijeni huanza kuharibika baada ya dakika nne hivi. Katika muda huo hakuna gari la wagonjwa linaloweza kufika kijijini.

Mafunzo ya huduma ya kwanza huanza na hatua tatu: kuhakikisha eneo ni salama, kumwita mgonjwa huku akitikiswa bega, na kutazama kama anapumua.

Asiyeitika wala kupumua kawaida hulazwa chali na kukandamizwa katikati ya kifua kwa viganja viwili. Kwa mtu mzima, kifua hushuka sentimeta tano hadi sita, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kila mikandamizo 30 hufuatiwa na pumzi mbili. Asiyefunzwa kupulizia pumzi anaweza kuendelea kukandamiza tu.

Aliyeopolewa katika maji, kama ya Mto Malagarasi, hupewa pumzi kwanza, kwa kuwa alichokosa ni hewa.

Jeraha linalovuja damu nyingi hubanwa kwa nguvu kwa kitambaa safi, bila kufunuliwa kila mara kutazamwa. Majeruhi wa ajali hanyanyuliwi mikono na miguu na kurushwa garini, kwani uti wa mgongo uliovunjika unaweza kumpoozesha.

Mafunzo hayo pia hupambana na mazoea. Mtoto aliyeungua hupozwa kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Hapakwi dawa ya meno, unga wala mafuta. Aliyeumwa na nyoka hatulizwi kwa kuchanjwa, kunyonywa sumu au kufungwa kamba. Hutulizwa bila kutembea, kiungo kilichoumwa kikiwa hakitikisiki, na kuwahishwa hospitali.

Kazi ya namna hii ina historia Kigoma. Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1962, kilitoa huduma za afya katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, iliyofunguliwa mwaka 1996. Kambi ya Nduta, Kibondo, ilipofunguliwa upya mwaka 2015 kupokea Warundi, shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilitoa matibabu humo.

Hata hivyo, kufunzwa mara moja hakutoshi. Aliyefunzwa miaka ya 1990 alifundishwa mikandamizo 15 kwa pumzi mbili. Mwongozo ulibadilishwa mwaka 2005 kuwa 30 kwa mbili.

Katika Hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, utafiti ulionyesha kuwa mafunzo ya siku moja ya kuwasaidia watoto wachanga kupumua hayakubadili utendaji wa wakunga. Mazoezi mafupi ya mara kwa mara, kazini, ndiyo yaliyopunguza vifo.

Somo hilo lawahusu pia walimu, madereva wa bodaboda na viongozi wa vitongoji wa Kibondo na Kasulu: cheti hukaa ukutani, lakini mikono husahau isipozoezwa.

Mwokoaji hafanyi kazi peke yake. Anapomhudumia mgonjwa, mwingine hupiga simu: 112 kwa polisi, 114 kwa zimamoto na uokoaji, au 115 kwa usafiri wa dharura wa wajawazito na watoto wachanga.