Baada ya Diski Kurejeshwa: Jinsi ya Kubaini Video Zilizokosekana

Diski ya kompyuta inapoharibika na data zake kurejeshwa, mtumiaji hukabidhiwa folda yenye mamia ya faili na aghalabu huambiwa kuwa kazi imefanikiwa. Kwa furaha hulipa na kuruhusu diski ya zamani ifutwe. Miezi kadhaa baadaye hugundua kuwa video ya harusi ya binti yake, au ya mazishi ya mzazi wake, haimo. Wakati huo huwa hakuna tena mahali pa kuitafuta. Katika sura hii tunaeleza namna ya kulinganisha folda ili upungufu ubainike mapema, wakati diski ya awali ingali salama.

Kwa nini idadi ya faili haitoshi

Faili inapofutwa, mara nyingi kompyuta haiondoi maudhui yake papo hapo. Huondoa kumbukumbu ya mahali yalipo na kuihesabu nafasi hiyo kuwa wazi. Programu za kurejesha huyatafuta maudhui hayo, lakini data mpya ikiandikwa juu yake, ya zamani haipatikani tena. Video huathirika zaidi kwa sababu ni kubwa: vipande vyake huweza kutawanyika sehemu mbalimbali za diski, na kukosekana kwa kipande kimoja kwaweza kuifanya faili nzima isicheze. Wakati huohuo, programu hizo huweza kurudisha nakala mbili za faili moja, au video ulizozifuta kwa hiari zamani. Hivyo basi, folda iliyokuwa na faili 850 yaweza kurudi na faili 900 na bado ikakosa zile unazozihitaji.

Tafuta kipimo cha kulinganishia

Kipimo bora ni nakala ya akiba, hata ikiwa ya zamani. Kama huna, tafuta kadi ya kamera, simu iliyorekodi, au ndugu aliyepewa nakala. Namba za faili nazo husaidia, kwa kuwa kamera nyingi huzipa faili namba zinazofuatana. Ukiona namba 0141 kisha 0144, chunguza zilizo katikati. Pengo hilo peke yake si uthibitisho wa hasara: yamkini namba hizo zilikuwa za picha za kawaida, au ulizifuta mwenyewe.

Hatua za kulinganisha

1. Usiandike chochote kwenye diski iliyoharibika. Faili zilizorejeshwa zihifadhiwe kwenye diski nyingine, nayo isiwe na mpangilio wa FAT32, kwa maana mpangilio huo haupokei faili inayofikia gigabaiti 4. Video ndefu zitaachwa nje ingawa zilipatikana.

2. Fungua sifa za kila folda, uandike idadi ya faili na ukubwa wa jumla. Tofauti kubwa ya ukubwa ni dalili ya kwanza ya upungufu.

3. Tumia programu ya kulinganisha. WinMerge na FreeFileSync hupatikana bila malipo. Huziweka folda mbili ubavu kwa ubavu na kuonyesha faili zilizo upande mmoja tu. Kwenye macOS na Linux, amri ya diff -rq ikifuatwa na majina ya folda mbili hutoa orodha ya namna hiyo.

4. Linganisha kwa ukubwa au kwa maudhui, si kwa tarehe pekee. Tarehe hubadilika wakati wa kurejesha, na faili zilizo sawa zitaonekana kuwa tofauti.

5. Linganisha tu, usisawazishe. Ukiiamuru programu kuifanya folda kamili ifanane na ile yenye upungufu, itazifuta faili zilizokuwa salama.

6. Hifadhi orodha ya faili zinazokosekana, pamoja na ukubwa wake.

Majina yakipotea

Baadhi ya programu huitambua video kwa umbo la maudhui yake, kisha huipa jina jipya la namba. Folda za awali nazo hutoweka. Ulinganishaji tulioueleza hutegemea majina, hivyo hautafaa hapa. Badala yake, panga faili za pande zote mbili kwa ukubwa, uzioanishe zilizo sawa au zinazokaribiana, kisha uzitazame kabla ya kuzipa majina yake ya zamani.

Jina na ukubwa si uthibitisho

Faili yaweza kuwa na jina sahihi na ukubwa sahihi, na bado isicheze. Video za MP4 hubeba faharasa inayoieleza programu mahali ilipo kila picha na kila sauti. Kamera nyingi huiandika faharasa hiyo mwishoni mwa faili, na sehemu hiyo ikipotea, video haifunguki. Kwa hiyo fungua kila video muhimu, utazame mwanzo, katikati na mwisho.

Pima pia urefu kwa ukubwa. Video iliyorekodiwa kwa megabiti 8 kwa sekunde huchukua takriban megabaiti 60 kwa dakika, yaani gigabaiti 3.6 kwa saa. Ukikuta sherehe ya saa nzima iliyorekodiwa kwa kiwango hicho ina megabaiti 40 tu, umepewa kipande.

Kabla ya kulipa na kuagana na fundi

Tunawashauri watumiaji wakubaliane na fundi kwa maandishi, kabla ya kazi kuanza, kuhusu mambo matatu: faili zipi ni za lazima, malipo yatakuwaje zisipopatikana, na siku ngapi za ukaguzi zitatolewa kabla ya malipo ya mwisho. Orodha ya faili zinazokosekana umkabidhi fundi, ubaki na nakala yake. Itamwongoza kutafuta tena, na itakuwa ushahidi wako iwapo mtatofautiana.

Diski ya awali irudishwe mikononi mwako, isifutwe wala kutumiwa tena hadi ukaguzi ukamilike. Ukaguzi ukiisha, weka nakala mbili za video hizo katika diski mbili tofauti, moja ikae nje ya nyumba yako.