MFANYAKAZI NA KORTI: MANENO YA KUJUA NA NGAZI ZA KUPITA



Wengi wetu tukisikia neno "korti" tunaingiwa na hofu. Hofu hiyo ndiyo hutufanya tuweke kidole gumba kwenye karatasi tusizozielewa, na kuondoka kazini mikono mitupu. Basi tuyaeleze mambo yalivyo hapa Uganda.

Jinai na madai

Msimamizi akidai kwamba mkata miwa ameiba mali ya kampuni, akampeleka polisi, hiyo ni kesi ya jinai. Anayeshtaki ni serikali, na mfanyakazi huitwa mshtakiwa. Katiba ya 1995 yasema mshtakiwa ahesabiwe hana hatia mpaka ithibitishwe au akiri mwenyewe. Aliyekamatwa, asipoachiliwa, afikishwe mahakamani kabla ya saa 48 kupita. Asiyeelewa lugha ya korti apewe mkalimani bila malipo. Dhamana ya polisi hailipiwi. Nayo si kufutiwa kesi, bali ni ahadi ya kurudi siku iliyotajwa.

Lakini mchuma chai akinyimwa mshahara, au akifukuzwa pasipo haki, hayo ni madai. Hapo yeye ndiye mlalamikaji, na mwajiri ni mlalamikiwa. Hatafuti mtu afungwe. Anatafuta haki yake na fidia.

Kabla ya kufukuzwa

Sheria ya Kazi ya 2006 yamtaka mwajiri amweleze mfanyakazi kosa lake kwa lugha anayoielewa, na amsikilize. Mfanyakazi ana ruhusa ya kuja na mwenzake aliyemchagua. Mjumbe wa chama anafaa sana kwa kazi hiyo.

Asiye na kosa kubwa hupewa notisi kwa kadiri ya utumishi wake:
– zaidi ya miezi 6, chini ya mwaka: wiki 2;
– mwaka 1 hadi 5: mwezi 1;
– miaka 5 hadi 10: miezi 2;
– miaka 10 na zaidi: miezi 3.

Ngazi za malalamiko

1. Chama. Mweleze mjumbe wako mapema.

2. Ofisa wa Kazi wa wilaya. Huyu husikiliza pande zote mbili, husuluhisha, na aweza kutoa uamuzi. Aliyetumika mfululizo wiki 13 au zaidi, akaachishwa isivyo haki, apeleke malalamiko katika miezi 3. Wengi wamepoteza haki zao kwa kungoja ahadi za mwajiri hadi muda ukapita.

3. Mahakama ya Viwanda. Ofisa asipotoa uamuzi katika siku 90, mlalamikaji aweza kwenda huko. Hapo ndipo pia rufani dhidi ya uamuzi wa Ofisa husikilizwa. Pamoja na majaji huketi wajumbe, wakiwamo wa upande wa waajiri na wa upande wa wafanyakazi.

4. Mahakama ya Rufani. Huko hupelekwa hoja za sheria, si kuanza kesi upya.

Maneno mengine

Wito ni karatasi ya kukuita kortini. Usiipuuze, maana kesi yaweza kuamuliwa hupo.
Kuahirisha ni kusogeza kesi mbele. Uliza tarehe mpya kabla ya kutoka.
Ushahidi ni yale uliyoyaona mwenyewe, pamoja na karatasi na vitu. Uvumi hausaidii.
Hukumu ni uamuzi wa korti. Rufani ni kuomba korti ya juu iuangalie uamuzi huo, nayo ina muda wake.

Kwa hiyo, ndugu, weka barua ya kuajiriwa, hati za mshahara na kadi ya chama mahali pasipolowa mvua. Andika siku uliyofukuzwa na majina ya walioshuhudia. Ukiletewa karatasi usiyoielewa, usitie sahihi wala kidole. Omba kwanza isomwe mbele ya mjumbe wako. Miezi 3 huanza kuhesabiwa siku ile ile uliyoachishwa kazi.