Soma Anwani Kabla ya Kubofya

Katika stesheneri za Makambako, Njombe na Igwachanya, kompyuta moja hupita mikononi mwa watu wengi kwa siku. Mhitimu anaomba kazi, mwalimu anachapa mtihani, katibu wa kikundi cha wakulima wa parachichi anafungua barua pepe ya mnunuzi ambaye hajawahi kuonana naye. Wengi wao wana flashi mfukoni. Tapeli na kirusi hupenda mahali kama hapo, kwa sababu wote wawili humtegemea mtu anayefungua kitu kabla ya kujua kimetoka kwa nani.

Tuanze na tapeli. Barua yake hubeba habari ya kufurahisha au ya kutisha, muda mfupi, na ombi la pesa au nywila. Mhitimu ataambiwa ameitwa kwenye usaili, alipe ada ya fomu kabla ya saa kumi jioni. Mkulima ataambiwa shehena yake yote imepata soko, atangulize gharama za kibali. Utapeli huu wa kulipa kwanza ili upate baadaye unajulikana duniani kwa jina la 419, namba ya kifungu cha sheria ya jinai ya Nigeria kinachohusu kujipatia mali kwa udanganyifu. Hapa kwetu ndugu yake ni ule ujumbe wa simu wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Ule muda mfupi una kazi yake: kukunyima nafasi ya kumuuliza mtu.

Dawa ya kwanza ni kusoma anwani. Jina linaloonekana juu ya barua huandikwa na mtumaji mwenyewe, kwa hiyo halithibitishi chochote. Liguse ili anwani kamili ijitokeze, kisha uisome kuanzia mwisho. Ofisi za Serikali ya Tanzania hutumia anwani zinazoishia na .go.tz, na vyuo .ac.tz. Tovuti ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma ni ajira.go.tz. Barua inayojidai kutoka huko huku ikiishia na gmail.com, ifute. Kuna ujanja mkubwa zaidi: kiungo huanza na ajira.go.tz, kikaendelea na nukta na jina jingine. Ukiacha https:// ya mwanzoni, mwenye tovuti ni jina linalotangulia mkwaju wa kwanza, yaani lile la mwisho, si lile lililowekwa mbele kukuvutia.

Hata hivyo, anwani sahihi nayo yaweza kuwa imetekwa. Mwezi Mei 2000 barua iliyoandikwa ILOVEYOU ilitoka Ufilipino ikaenea duniani kwa muda mfupi. Kiambatisho chake kiliitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Windows kwa kawaida huficha kiishio cha mwisho, hivyo watu waliona .TXT wakadhani ni maandishi matupu. Kumbe ilikuwa programu. Iliharibu mafaili, kisha ikajituma kwa kila aliyekuwemo katika orodha ya anwani za mwenye kompyuta, na waliofuata wakaipokea kutoka kwa watu wanaowafahamu. Kwa hiyo ukipata kiambatisho usichokitarajia, hata kama kimetoka kwa kaka yako, mpigie aliyekituma kwanza. Na jambo likihusu pesa, piga namba uliyokuwa nayo tangu zamani, wala si ile iliyomo ndani ya barua.

Kwetu, hata hivyo, virusi vingi husafiri kwa flashi. Unarudi nyumbani, unaichomeka, unakuta folda zako zimegeuka kuwa shotikati. Usizibofye, maana kila mbofyo unakiamsha kirusi. Wala usikimbilie kuifomati flashi: mara nyingi kazi zako bado zimo, zimefichwa tu. Ipeleke kwenye kompyuta yenye programu ya kuzuia virusi iliyosasishwa, ikaguliwe, ndipo mafaili yaliyofichwa yaonyeshwe. Programu ya Microsoft Defender huja na Windows bila malipo. Mwenye stesheneri aikague kila flashi kabla ya kuifungua, na mteja atoke kwenye barua pepe yake kabla ya kuondoka, bila kuiachia kompyuta nywila.

Kuna virusi visivyosubiri mbofyo wa mtu. Tarehe 12 Mei 2017 WannaCry alianza kupenya kwenye tundu la Windows, akashambulia kompyuta katika nchi zaidi ya 150 na kuvuruga huduma za hospitali nchini Uingereza. Alifunga mafaili na kudai dola 300 kwa bitcoin. Microsoft ilikwisha kuziba tundu hilo mwezi Machi mwaka huohuo. Wengi walioumia hawakuwa wamesasisha mashine zao. Masasisho hula bando, ni kweli, lakini kupoteza matokeo ya shule nzima au hesabu za ushirika ni hasara kubwa zaidi. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, hivyo anayeitumia apange kuhamia toleo jipya. Na weka nakala za kazi zako kwenye diski ya nje, uichomoe ukimaliza.

Ukishatapeliwa, usinyamaze kwa aibu. Piga 100 kwa mtandao wako wa simu mara moja, badilisha nywila kwa kutumia kifaa kingine kilicho salama, kisha nenda polisi na ushahidi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inautambua udanganyifu huu kuwa jinai. Ujumbe wa kitapeli wa simu utume kwenda 15040, namba ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), nawe utaulizwa namba iliyoutuma. Piga pia *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Tapeli aliyekukosa wewe asubuhi atamjaribu jirani yako mchana, na taarifa yako ndiyo inayoweza kumfungia laini kabla hajamfikia.