Homa ya Baridi Yabisi: Maradhi Yaanzayo Kooni na Kuishia Moyoni

Mtoto wa shule huumwa koo, hupata homa siku mbili tatu, kisha hupona na kurudi darasani. Majuma mawili au matatu baadaye huamka goti limevimba, asistahimili hata uzito wa shuka. Kesho yake goti limetulia na kifundo cha mguu kimeanza. Mzazi asiye na habari huyaona haya kuwa maradhi mawili. Kumbe huenda yakawa mamoja, nayo ni homa ya baridi yabisi. Jina hilo lina upungufu wake, kwani hukumbusha maumivu ya viungo vya wazee, hali maradhi haya huwapata hasa watoto wa miaka 5 hadi 15, na viungo vyao hupona kabisa. Kisichopona kwa urahisi ni moyo.

Chanzo chake ni bakteria waitwao streptokoki, wa kundi A. Mtaalamu wa Marekani, Rebecca Lancefield, aliwagawa bakteria hao katika makundi mwaka 1933, na kwa miaka mingi alichunguza protini iliyo juu ya miili yao, iitwayo protini M. Mwili ukivamiwa, chembe nyeupe za damu hutengeneza kingamwili, yaani protini zinazomshika mvamizi kwa kulitambua umbo lake. Taabu ni kwamba sehemu za protini M zafanana na protini zilizomo katika moyo wa mwanadamu. Kingamwili zilizoundwa kumpiga bakteria zaweza basi kumpiga mwenyeji. Ndiyo maana maradhi hayaji mara moja: kinga huhitaji muda kujengeka. Na ndiyo maana bakteria hawapatikani katika moyo ulioharibika. Wao walibaki kooni. Yafaa kuongeza kwamba maumivu mengi ya koo huletwa na virusi, visivyohusika na jambo hili, na kwamba hata miongoni mwa watoto wenye streptokoki ni wachache tu wanaopata homa hii.

Moyo una vali nne, ambazo ni milango ya kuzuia damu isirudi nyuma. Iumiayo zaidi ni vali ya mitrali, baina ya vyumba viwili vya upande wa kushoto. Vali hiyo hufunguka na kufungwa yapata mara 100,000 kwa siku. Ikivimba hupona kwa kovu, na kovu huifanya nene na ngumu, ama ivuje, ama isifunguke sawasawa. Shambulio la pili huongeza kovu juu ya kovu. Mtoto aweza kuyabeba madhara haya miaka mingi bila kujua. Wasichana wengine hugunduliwa wakiwa wajawazito, kwa kuwa mimba huuzidishia moyo kazi.

Kuna sura nyingine ya maradhi haya ambayo walimu wapaswa kuijua kuliko watu wote. Thomas Sydenham, tabibu wa Uingereza, aliieleza mwaka 1686, nayo huitwa koria. Kingamwili hugusa ubongo, na miezi kadhaa baada ya koo kupona mtoto huanza kuangusha vikombe, kukunja uso, kurusharusha mikono bila kukusudia. Mwandiko uliokuwa mzuri huharibika, na machozi humtoka kwa jambo dogo. Alalapo, mitikisiko hukoma. Mtoto wa namna hii ni rahisi kuadhibiwa kwa utundu au uzembe, hali anastahili kupelekwa hospitali. Koria hutulia baada ya wiki au miezi, lakini moyo lazima upimwe.

Kinga ya kwanza ni kutibu koo. Utafiti uliofanywa karibu na mwaka 1950 katika kambi ya jeshi ya Warren, Wyoming, ulionyesha kwamba penisilini ikitolewa mapema huzuia homa hii isitokee. Lakini kwa mtoto ambaye imekwisha kumpata, kila ambukizo jipya la koo ni hatari kubwa kuliko kwa mwenziwe, kwani kinga yake imekwisha kuzoea kukosea. Kwa hiyo hupewa sindano ya penisilini ya benzathini, dawa iyeyukayo polepole kutoka katika msuli, kila baada ya majuma manne, kwa muda usiopungua miaka mitano. Akiwa moyo wake umeguswa, hadi utu uzima.

Hapa ndipo ulipo mtihani wa mzazi. Mtoto anacheza mpira na kula vizuri, wala haumwi. Mbona achomwe sindano nzito, yenye maumivu, na nauli itumike? Jibu zuri limetoka Afrika Mashariki yenyewe. Mwaka 2021 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanywa Uganda kwa watoto 818 ambao dosari za vali zao zilionekana kwa mashine ya mawimbi ya sauti tu, wao wenyewe wasione dalili. Baada ya miaka miwili, hali ilikuwa imezidi kwa watoto 3 kati ya 399 waliochomwa, na kwa 33 kati ya 400 wasiochomwa.

Muda huo hauhesabiwi kwa mwezi wa kalenda bali kwa siku 28, yaani sindano 13 kwa mwaka, na mzazi afanya vema kuziandika zote mapema. Maumivu hupungua dawa ikipashwa joto kiganjani, mahali pa sindano pakabanywa kwa kidole gumba sekunde kumi, na dawa ikaingizwa taratibu. Kumdanganya mtoto kwamba wanakwenda sokoni hakusaidii. Safari ijayo atakataa hata soko. Kwanza, hata hivyo, mhudumu aambiwe iwapo mtoto amewahi kudhuriwa na penisilini. Na mwanafunzi ahamiapo shule ya bweni, kadi yake isafiri naye, na mzazi apatane na mwalimu kabla ya muhula kufunguliwa ni zahanati ipi itakayotoa sindano ifuatayo, na tarehe ngapi.